Nani Atanisemea Bole

Bole, 14 Februari 2024

Dada Oforiwaa,

Pokea salamu zangu, na za Mama umfikishie kwa mikono yako miwili, si kwa kutikisa kichwa tu kama unavyofanya ukiwa na haraka. Magoti yake yakoje? Mihogo ya upande wa kijito mmeing'oa, au mnangoja panya wawatangulie?

Sisi wazima. Botwe yuko porini na mtambo wao wa kuchimba visima. Hukaa huko siku kumi, hurudi siku mbili, anakula, analala, anaondoka. Mtoto ametimiza miezi mitano tumboni, na kila nikikanyaga cherehani naye anapiga teke, kama tunashindana nani atamaliza gauni kwanza.

Dada, sikuwahi kujua kwamba mimi ni kiziwi mpaka nilipofika Bole, huku kaskazini. Kijijini kwetu nilikuwa Asabea tu. Anayesikia na asiyesikia wote wanaongea kwa mikono, hata muuza mkate, hata mchungaji. Hapa nikiinua mkono watu wanadhani nafukuza nzi. Kwa hiyo nimeukabidhi mdomo wangu kwa simu. Sokoni naandika ninachotaka, simu inakitamka. Muuza nyanya mara ya kwanza aliruka nyuma akajishika kifua. Siku hizi ananiongezea moja ya bure ili simu imsalimie.

Mtandao unashika mahali pamoja tu hapa uani, juu ya jiwe la kufulia, karibu na ukuta. Nasimama pale na tumbo langu, naongea kwa mikono na kioo, na wanawake wa ua wanakaa chini kunitazama. Jirani yangu Memuna, yule anayechemsha mafuta ya shea, hujaribu kuisemea simu ili iniandikie maneno yake. Juzi alitaka kuniambia kuku wangu ameingia jikoni kwake. Simu ikaandika: "Mume wako ametaga jikoni kwangu." Nilicheka mpaka nikashuka jiweni nisije nikaanguka.

Sasa nikuulize. Mwezi wa kwanza ulikuwepo kwenye simu nilipokwenda zahanati. Mkunga alisema, wewe ukanionyesha, mimi nikajibu, wewe ukamwambia. Ilikuwa kama uko umekaa kwenye lile benchi. Tangu siku ile huonekani. Nikipiga video unakata. Unanitumia maneno matatu manne yaliyoandikwa, "nipo", "sijambo", "kesho". Kesho ipi?

Nina kliniki tarehe 6 Machi. Naomba sana, fungua picha siku hiyo. Nampa barua hii dereva wa basi la Kumasi, maana kwenye simu naona umenifungia mlango.

Mdogo wako,
Asabea


Nyumbani, 25 Februari

Asabea,

Salamu. Mama hajambo, magoti ni yale yale. Mihogo tumeing'oa. Panya walitangulia kidogo. Mjomba Larbi amepaka nyumba rangi ya kijani, na sasa anakasirika watu wakiiita duka la dawa.

Kamera ya simu yangu imepasuka. Ndiyo maana.

Siku ya kliniki mtumie yule mkalimani wa Koforidua, Bwana Ampofo. Nimezungumza na chama cha viziwi, atakuwa tayari saa tatu asubuhi. Alama zake ni zile za shuleni kwenu, unazijua. Kama humtaki, binti yeyote wa hapa anaweza kushika simu.

Usikae juani. Punguza chumvi.

Usishangae mwandiko, naandikia gotini.

Oforiwaa


Bole, 11 Machi

Dada,

Nakusalimu, na mchana huu sina salamu nyingi. Botwe alikuja, akaondoka jana. Amepungua. Kuku ametaga mayai tisa.

Kliniki nilikwenda. Bwana Ampofo alifunguka vizuri, amevaa shati jeusi, mikono yake safi. Mkunga akaanza kuongea. Ampofo akaanza kunionyesha: "Anasema damu yako…" na hapo picha ikaganda. Vidole vyake vikabaki hewani kama vya sanamu. Nikangoja. Mkunga akaendelea kuongea na kioo, hakujua kwamba upande wa pili hakuna mtu. Picha iliporudi, Ampofo alikuwa anamalizia: "…kwa hiyo unakubali?"

Nikatikisa kichwa ndiyo. Nyuma yangu walipanga foleni wanawake ishirini, mkunga ameshika kalamu, wote wananitazama. Nikasema ndiyo. Nikachomwa sindano. Dada, mpaka leo sijui nilikubali nini.

Unakumbuka Korkor, niliyelala naye vitanda jirani shuleni? Alikwenda hospitali na maumivu ya tumbo, akatikisa kichwa kama mimi. Akaolewa. Mwaka wa tatu wa ndoa ndipo daktari mwingine alipomwandikia kwamba hana kizazi, kilitolewa siku ile. Mimi namfikiria Korkor kila ninapolala.

Nawe unaniambia kamera imepasuka! Simu ya Mama ni nzima. Nilimpigia Jumapili. Nikamuuliza, "Dada yuko wapi?" Akasema, "Shambani." Nikamuuliza, "Jua limezama, yuko shambani anafanya nini?" Akageuza uso akaangalia mlango. Mama anaweza kudanganya kwa uso, lakini mikono yake haijui. Aliificha kwenye kitenge.

Sema basi. Ni kwa sababu ya Botwe? Ulisema nisiolewe na mtu anayesikia atakayenipeleka mbali, nikaolewa, nikapelekwa mbali. Sasa unanikomoa? Nimekuwa mzigo? Tangu nina miaka minne wewe ndiye uliyenisikilizia dunia. Kama umechoka, niambie umechoka. Usiniambie kamera.

Miguu imeanza kuvimba. Viatu vyote vimenikataa.

Asabea


Nyumbani, 30 Machi

Asabea,

Barua yako ilikaa Kumasi siku nyingi, nimeipata jana. Mama anakusalimu. Amelia kidogo, amekula.

Sijakuchoka. Usirudie neno hilo.

Habari ya Botwe tuliimaliza siku alipoleta vinywaji vya posa. Mimi si mtu wa kukomoa.

Nimeuliza kuhusu ile sindano. Nimempigia Ampofo, naye akampigia mkunga wako. Ilikuwa ya pepopunda, wanachomwa wote. Kizazi chako kipo. Lala.

Miguu kuvimba ni kawaida. Uso ukivimba si kawaida. Mikono ikivimba mpaka pete ikabana, si kawaida. Kichwa kikiuma na macho yakiona nyota mchana, usingoje mume, usingoje barua, nenda. Unanisikia? Nenda.

Ningependa uje kujifungulia nyumbani. Panda basi na Botwe mwezi ujao, kabla hujawa mzito.

Kuhusu video, usinisukume. Kuna mambo mtu huyasema akiwa tayari.

Oforiwaa


Bole, 21 Aprili

Dada yangu,

Natumaini mko salama na mvua zimewafikia. Huku zimefika, na zimekuja na msiba.

Tarehe 11 ilipiga radi ya kwanza ya mwaka. Mimi siisikii, ila niliihisi kwenye nyayo, na chupa za mafuta za Memuna zikacheza. Asubuhi nikapanda jiweni, hakuna mtandao. Nikadhani bando limeisha. Nikatoka nje, nikaona watu wote wamesimama barabarani, wameinua simu juu. Mnara umepigwa. Mafundi walikuja, wakapanda, wakashuka, wakaondoka. Memuna alinionyesha kwa mkono: gari, mbali, kusini. Vifaa vinangojwa kutoka Accra.

Kwa watu wa hapa ni usumbufu. Wanalalamika hawaoni mpira. Mimi nimekatwa ulimi na masikio asubuhi moja. Muuza nyanya naye aliitazama simu yangu iliyonyamaza, akanitazama mimi, akanipa nyanya bila hata kuniuliza kwa kidole nataka ngapi. Kama maskini. Botwe siwezi kumpata. Kambi yao iko ng'ambo ya mto na barabara imejaa maji.

Juzi tarehe 19 nilikwenda kliniki peke yangu. Mkunga akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akapuliza. Akatazama. Akapuliza tena. Uso wake ukabadilika, Dada, nami nazijua nyuso, ndizo nilizosoma maisha yangu yote. Akachukua simu yangu akaisemea, nikamwonyesha hakuna kitu. Basi akachukua karatasi, akaandika herufi mbili: WA.

Nikadhani ni mwanzo wa neno. Nikangoja amalizie. Akanyooshea kidole karatasi, akanyooshea barabara. Ndipo nilipoelewa: mji wa Wa, hospitali kubwa. Nikaandika chini yake: "Kwa nini?" Akachukua kalamu kujibu, mlango ukafunguka, wakaingiza mwanamke aliyekuwa anajifungua, mkunga akamkimbilia. Nilikaa pale saa mbili na karatasi yangu. Kisha nikarudi nyumbani.

Najua utagomba. Lakini niende Wa nisikojua mtu, nilale kwenye meza, wanipasue, nami natikisa kichwa ndiyo, ndiyo, kama Korkor? Sitapanda gari mpaka mtu aniambie kwa mikono ni kitu gani wanataka kunifanyia. Njoo wewe. Sikuombi tena video. Njoo mwenyewe.

Pete nimeikata kwa koleo la Botwe. Ilikuwa inabana.

Asabea


Nyumbani, 25 Aprili

Asabea mdogo wangu,

Dereva amenipigia simu alipofika Kumasi, nikamwamuru asilale, na barua yako imenifikia leo asubuhi. Hii inarudi na gari la leo leo. Sina salamu.

Nenda Wa. Ukisoma mstari huu simama, funga kitenge, nenda, utamalizia kusoma njiani.

Pete inabana, presha imepanda: huo ni ugonjwa wa mimba. Mama mdogo Adobea hakurogwa kama tulivyoambiwa. Uso wake ulivimba, akasema anaona nyota, akashikwa na kifafa cha mimba, akafa kwenye kitanda hiki ninachokalia, naye mtoto yumo ndani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Niliona. Sikukwambia kwa sababu nilidhani jambo likitajwa linaitwa.

Na sasa nikwambie lile la kwangu, maana naona kunyamaza kwangu ndiko kunakokuweka Bole.

Tarehe 26 Januari nilianguka jikoni. Kiharusi. Upande wa kulia wote. Mguu umerudi nusu, mdomo umerudi kidogo, mkono haujarudi. Unaning'inia. Naandika kwa kushoto, ndiyo maana ya huu mwandiko wa kuku. Kamera yangu haijapasuka. Nimemlisha Mama kiapo asikwambie.

Utasema, kwa nini hukuniambia? Asabea, kwa wengine mimi ni mwalimu wa Jumapili, ni muuza mafuta ya mawese, ni mtu anayegomba sana. Kwako wewe mimi ni mikono. Ulikuwa na miaka minne nilipokuonyesha kwa mara ya kwanza kwamba mvua ina sauti. Nilijitazama kwenye kioo nikajaribu kusema jina lako kwa kushoto. Sikuliona jina. Niliona mtu anakuna shavu. Nikasema, hataniona hivi. Nitapona kwanza.

Sijapona. Na siwezi kuja sasa hivi, daktari amekataa nisafiri, na ningekuja ningekufaa nini?

Usiningoje. Hakuna atakayekuja kukusemea kwa mikono unayoijua. Nenda bila mikono. Mfanye yeyote akuchoree, akuandikie mchangani, umkamate daktari kwa koti asiondoke mpaka uelewe, lakini nenda.

Nakusihi. Sijawahi kukusihi.

Oforiwaa


Wa, 12 Mei

Dada yangu mpendwa,

Naanza na wewe: mguu unaendeleaje? Unafanya mazoezi waliyokupa? Unakula? Salamu kwa Mama, na mwambie nimemsamehe kiapo, ila mikono yake aifundishe kudanganya vizuri zaidi.

Ujumbe mfupi nimekutumia, kwamba niko hai na mtoto yuko hai, nawe ukajibu kwa kidole gumba. Yaliyobaki hayaingii kwenye kioo cha simu, acha niyaandike.

Barua yako haikunikuta Bole. Niliondoka tarehe 28 asubuhi, nayo ilifika mchana.

Asubuhi ile niliamka na kichwa kinapasuka. Nikatoka uani, nikaona nyota zinaelea juu ya sufuria za Memuna. Nikakumbuka maneno yako, lakini nikakaa chini kwenye jiwe. Nilikuwa bado nakataa, Dada. Memuna akaja, akanishika mashavu, akayabonyeza, vidole vyake vikaacha mashimo. Akanyooshea kidole barabara. Nikakataa. Akapiga kelele, naona mdomo wake. Nikakataa.

Basi unajua alifanya nini? Alijilaza chali pale pale uani, kwenye matope ya mafuta, na nguo yake safi. Akafumba macho, akakunja mikono kifuani. Akalala hivyo kama maiti. Wanawake wa ua wote wamesimama. Kisha akafumbua jicho moja, akaninyooshea kidole mimi. Akanyooshea tumbo langu. Akalifumba tena.

Sikuhitaji mtandao kuelewa hilo. Nilinyanyuka. Alipanda gari nami mpaka Wa, ameshika mkono wangu njia nzima, na tope limemkaukia mgongoni.

Hospitali kuna mtandao. Wakamtafuta Ampofo, akafunguka. Daktari alikuwa mwanamke kijana, ameshavaa glavu. Akasema, Ampofo akanionyesha: "Lazima wapasue sasa hivi, usipo…" picha ikaganda. Vidole hewani tena! Nilidhani nitakufa kwa kicheko au kwa hofu, sijui kipi kingetangulia.

Nikafanya ulichoniandikia kabla sijakisoma: nikamkamata daktari koti. Nikamwonyesha tumbo, nikamwonyesha mikono ya kuuliza. Akatazama saa ya ukutani. Akatazama mkono wangu kwenye koti lake. Akavua glavu, akachukua kalamu, akachora kwenye shuka nililolalia. Tumbo. Mstari chini yake. Mtoto anatoka. Nikamnyang'anya kalamu, nikachora kizazi, nikaweka alama ya kuuliza. Akakizungushia duara mara mbili mpaka shuka likachanika, akaandika: HIKI KINABAKI.

Ndipo nikatikisa kichwa. Ile ndiyo "ndiyo" yangu ya kwanza tangu nimehamia huku.

Mtoto ni msichana. Alizaliwa Jumapili, kwa hiyo ni Akosua mpaka Botwe amtafutie jina la ukoo. Mdogo kama ndege, wamemweka kwenye sanduku la kioo lenye joto, anatolewa nimnyonyeshe. Botwe alifika siku ya tatu, amevuka mto kwa mtumbwi, miguu imechubuka. Alikaa sakafuni akalia, akasema, "Sirudi porini mpaka utembee."

Memuna ndiye aliyeniletea barua yako. Niliisoma mara moja. Kisha nikaigeuza nisiuone mwandiko.

Nina hasira na wewe. Miezi mitatu ulinifanya niuchukie mkono uliokuwa mgonjwa. Nilikaa juu ya lile jiwe nikikutukana, nawe unajifunza kushika kijiko. Ulidhani nitaona nini? Ulidhani nahitaji uongee vizuri? Larbi anaongea vizuri kwa mikono yote miwili, na hajawahi kusema neno la maana.

Jumapili tarehe 19, saa kumi alasiri, nitasimama kwenye dirisha la ngazi, mtandao uko safi pale. Nitapiga. Ukikata nitapiga tena. Nina muda, nimeshonwa, siendi popote.

Asabea


Nyumbani, 23 Mei

Asabea,

Mguu unaendelea. Kijiko nakishika. Mama amepika abenkwan, mchuzi wetu wa chikichi, akaniwekea mwingi, akasema ni wako, niule kwa niaba yako.

Najua tumeonana Jumapili na hakuna haja ya barua. Lakini kuna mambo sikuweza kuyasema siku ile, kwa sababu nina mkono mmoja na ulikuwa na kazi ya kufuta macho.

Ulipiga mara tatu. Zote niliziona. Simu inatambaa juu ya meza kama mende nami nimekaa nimeitazama. Mama akaja akasimama mbele yangu. Akasema, "Pokea."

Nikamwambia, "Mdomo wangu umekwenda upande."

"Kama ni uso unaona haya, funika uso. Anataka mkono."

"Mkono wenyewe uko wapi, Mama?"

Akauchukua huu wa kushoto, akauweka juu ya simu, akaubonyeza kwa nguvu kama anaua kitu. Wewe ukatokea.

Umekonda. Nilitaka kusema hivyo kwanza. Nikajaribu kusema "mtoto mzuri", nikasema "mbuzi mzuri", nawe ukacheka mpaka ukashika mshono. Mimi nilikasirika, na wakati huo huo nikagundua umeelewa. Ulielewa maneno yangu karibu yote. Mengine uliyakisia, kama unavyomkisia Memuna. Miezi minne nilikuwa najificha kwa kitu ambacho wewe ulikimaliza kwa dakika moja.

Lakini ninaloliandikia barua ni lile la mwisho. Ulikuwa unanieleza habari za jiwe la kufulia, mikono yako inakimbia, uso wako umejaa. Nyuma yako mlango wa wodi ulikuwa wazi, na kitandani mtoto, aliyekwisha tolewa kwenye sanduku la kioo, alianza kulia. Alilia kidogo, akanyamaza, akalia tena kwa nguvu. Manesi hawapo. Botwe ametoka. Wewe unaendelea kusimulia.

Niliinua mkono. Sikutafuta alama nzuri, nilinyoosha kidole tu nyuma yako. Uligeuka, ukaenda, ukamnyanyua, akanyamaza begani kwako. Niliyaona yote kupitia dirisha lile dogo la simu.

Hukuniambia kama anasikia au hasikii, nami sikuuliza. Tutamjua pole pole. Ila watakuruhusu hivi karibuni, mtarudi Bole, Botwe atarudi kwenye mtambo wake, atake asitake. Na mnara ule utapigwa na radi tena.

Daktari nimemwambia nasafiri. Akasema hapana. Nikamwambia sikuja kuomba ruhusa, nimekuja kuuliza vidonge nimeze saa ngapi njiani. Nimepata nafasi kwenye gari la Jumanne, kiti cha mbele, Mama ananisindikiza mpaka Kumasi. Mwambie Botwe anisubiri kituoni, nashuka ngazi mguu mmoja mmoja, asinishike kwapani kama mgonjwa.

Kumbeba mtoto siwezi. Kumwogesha siwezi. Utanipa kiti karibu na kitanda chake. Akilia, nitakuita kwa kidole.

Dada yako,
Oforiwaa